Kuamka saa 11 alfajiri hapa Kigoma kumenishinda. Nifanye nini asubuhi ili siku yangu iwe na nafuu?

Mgeni wa Mwanga (Kigoma)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za wakati huu. Nina umri wa miaka 34, ni karani katika ofisi moja hapa mjini, na mwaka jana nilihamia Kigoma nikitokea Dar es Salaam, nikapanga nyumba Mwanga pamoja na mke wangu na mtoto wetu wa miaka minne. Jambo linalonileta ni dogo kulisema, lakini limenisumbua kwa miezi mingi: naamka nimechoka kana kwamba nilibeba magunia usiku kucha, naingia kazini na kichwa kizito, na mpaka ifike saa 4 ndipo akili inapokubali kuanza kazi ninayolipwa.

Nilijaribu kujirekebisha. Rafiki yangu wa Dar alinitumia ratiba anayoifuata yeye: kuamka saa 11 alfajiri, maji ya vuguvugu yenye limau, kukimbia nusu saa, kuoga maji ya baridi, kusoma kurasa kumi, kuandika malengo ya siku, kisha chai isiyo na sukari, na yote hayo yawe yamekwisha kabla ya saa 1. Nilinunua hata daftari. Siku nane nilijikokota. Siku ya tisa nilitoka nje giza likiwa totoro, simu ikiwa haina chaji ya kuwasha tochi kwa sababu nililala nikitazama video, na kwenye njia ya kushukia barabara kuu nikatumbukiza mguu mtaroni mpaka gotini. Kifundo kilivimba wiki nzima. Daftari limebaki na kurasa nane zenye malengo. Zilizosalia mtoto amezichora ng'ombe.

Niieleze asubuhi yangu ya sasa kama ilivyo, nisije nikashauriwa mambo ya mtu mwingine. Kengele ya simu inalia saa 11 na nusu, naizima. Inalia tena, naizima tena, hadi saa 12:20. Kabla sijateremsha mguu kitandani huwa nimeshapitia makundi matatu ya WhatsApp, la kazini likiwa la kwanza, na mara nyingi nashuka nikiwa nimeshakasirishwa na mtu ambaye hata sijamwamkia. Nachota ndoo mbili za maji kwenye bomba la nje, kisha nanywa chai ya rangi vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na maandazi mawili nikiwa nimesimama. Usiku nalala kati ya saa 5 na nusu na saa 6. Sivuti sigara, na presha niliipima mwezi uliopita ikawa sawa.

Sitafuti kuwa mtu mpya. Naomba mazoea mawili au matatu ambayo mtu wa kawaida mwenye mtoto na ndoo anaweza kuyashika mwaka mzima, na mnieleze kwa nini yanafaa, maana lile la "wenzako wanaamka mapema" nimelichoka.

Mwalimu wa Jiografia (Gungu)

Karibu Kigoma, ndugu yangu, na pole kwa mguu. Kabla hujajilaumu, tazama ramani. Saa tunayoitumia Tanzania nzima inafuata longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao katika latitudo zetu unapita baharini, mbali na pwani. Kigoma iko karibu na digrii 29 na nusu. Dunia hujizungusha digrii moja kwa kila dakika nne, kwa hiyo ukipiga hesabu utaona kwamba jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban saa nzima, na nyuma ya jua la Dar es Salaam kwa karibu dakika 38. Ndiyo maana mwezi wa saba jua huchomoza hapa kiasi cha saa 1 na dakika 10 asubuhi, wakati rafiki yako ameshaliona tangu saa 12:35 hivi. Hata mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, wakati linapowahi kuliko miezi yote, halichomozi kabla ya saa 12 na nusu. Wanaovuka ziwa kwenda Burundi au Kongo wanalijua jambo hili bila hesabu yoyote, kwa kuwa ng'ambo ile saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja ilhali jua ni hilihili.

Basi rafiki yako anapoamka saa 11, kwake alfajiri inabisha hodi. Wewe ukiamka saa hiyo mwezi wa saba una karibu saa nzima ya giza kamili mbele yako. Hiyo ni nusu ya taabu. Nusu ya pili ni kwamba mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo hurekebishwa zaidi na mwanga unaoingia machoni kuliko na kengele. Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouandaa mwili kulala, na mwanga wa asubuhi ndio unaouambia kwamba usiku umekwisha. Huku kwetu jua linazama karibu saa 1 jioni, watu wanakula saa 3, wanalala saa 6, halafu ofisi inafungua saa 1 na nusu asubuhi sawasawa na ofisi ya Dar. Sisi wa magharibi tunalipa tofauti hiyo kwa usingizi.

Ushauri wangu ni mmoja tu. Iache saa 11. Amka saa 12:15 kwa mara moja, bila kuisogeza kengele, na pakianza kupambazuka uwe nje kwa robo saa, ukichota maji, ukifagia au umekaa tu barazani. Na kama ofisi si mbali, nenda kwa miguu. Siku ya mawingu isikudanganye, kwa kuwa mwanga wa nje siku hiyo bado unazidi taa ya sebuleni mara nyingi sana.

Dereva wa Katubuka

Naheshimu maelezo ya mwalimu, ila mimi ni dereva wa bodaboda na naamka saa 10 usiku kuwahi abiria wa mabasi ya mikoani, mwaka wa sita huu, na siumwi kichwa. Naona tatizo ni kukosa nia.

Muuguzi wa Ujiji

Kaka dereva, tuambie kwanza unalala saa ngapi.

Dereva wa Katubuka

Saa 2 na nusu usiku nimeshalala, dada. Taarifa ya habari siijui.

Muuguzi wa Ujiji

Ahsante, umejibu swali la mwenzako bila kukusudia. Wewe unalala saa saba na nusu. Yeye akilala saa 6 kasorobo na kengele ikamwamsha saa 11 na nusu, amepata pungufu ya saa sita, na zile dakika hamsini za kuzima na kulala tena ni usingizi wa vipande usiompumzisha mtu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Hakuna limau wala maji ya baridi yanayofidia saa moja ya usingizi iliyokosekana kila siku, kwa hiyo, kaka wa Mwanga, zoea lako la kwanza la asubuhi liko usiku: lala saa 4 na nusu. Najua ni rahisi kwangu kuandika.

La pili ni chai, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naliona kila siku kazini. Chai ya rangi ina vitu vinavyoshika madini ya chuma yaliyomo kwenye chakula, hasa cha mimea kama maharage na mboga za majani, mwili ukashindwa kuyachukua. Mtu anakula vizuri, lakini kila mlo anausindikiza na chai, na damu inapungua polepole bila yeye kuelewa ni kwa nini. Simwambii mtu aache chai. Namwambia aitenganishe na chakula kwa saa moja hivi. Kuhusu sukari, Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu mtu anayoipata kwa siku, yaani kama vijiko 12 vya chai, na linasema ni bora zaidi ikiwa nusu ya hapo, takriban vijiko sita. Vikombe vyako viwili vimeshafika sita kabla hujafunga kamba za viatu, na maandazi hatujayahesabu. Maandazi ni ngano, sukari na mafuta. Yanashibisha haraka na kukuacha haraka, ndipo saa 3 unaanza kupiga miayo. Kula mihogo ya kuchemsha na maharage yaliyobaki jana, au yai, au dagaa, pamoja na kipande cha papai. Hapo ndipo limau lina kazi ya kweli: vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha maharage. Kusafisha sumu ni kazi ya ini na figo, na haziisubiri limau.

Jambo la tatu si zoea, ni tahadhari. Uchovu wa miezi usiutibu kwa ratiba peke yake. Nenda kituo cha afya ukapimwe wingi wa damu, sukari na malaria, na umuulize mkeo kama unakoroma kwa kishindo kisha pumzi inakata kwa muda. Wanaume wengi huona aibu kuuliza hilo, na wake zao wamelijua miaka.

Mwisho, ulishika siku nane ukajiona umeshindwa. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijaribu kujenga zoea moja jipya, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Muda ambao zoea lilianza kujiendesha lenyewe ulikadiriwa kuwa siku 66 kwa kipimo cha kati, lakini kulikuwa na aliyefika kwa siku 18 na aliyekadiriwa kuhitaji 254. Mazoea mepesi kama kunywa maji yalikaa mapema kuliko mazoezi, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Wewe ulianza mambo saba kwa siku moja.

Mama Vichanja (Kibirizi)

Marahaba mwanangu, na pole. Mimi naanika dagaa hapa Kibirizi na sijawahi kuamshwa na kengele. Huamshwa na boti. Wavuvi hukesha ziwani na taa zao, na kunapopambazuka wanarudi, kwa hiyo mimi huwa nimeshafika ufukweni na ndoo na kanga yangu ya pili ya kujifunika baridi. Hata hivyo, kazi yangu inafuata mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti dagaa, boti zinalala nchi kavu, na sisi tunapumzika. Kwa hiyo nimejifunza jambo ambalo mwalimu na muuguzi hawajaligusa.

Mwaka 2024 serikali ilipolifunga ziwa kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya mwezi wa tano, ili samaki wazaliane, nilidhani nitapumzika. Juma la kwanza nililala hadi saa 3. Juma la pili nikaanza kuumwa kichwa na kugombana na binti yangu kwa ajili ya ufagio. Kumbe asubuhi yangu yote ilikuwa imetundikwa kwenye boti, na boti zilipoondoka hapakubaki kitu cha kunishika. Ndipo nikaanza kuitundika kwenye vitu ambavyo havifungwi na mtu. Nikifungua komeo la mlango, nakunywa kikombe kimoja cha maji kutoka kwenye jagi ninaloliacha usiku juu ya meza iliyo pembeni ya mlango. Nikimaliza kufagia uwanja, naketi kwenye kigoda upande wa ziwa, nanyoosha miguu, sisemi na mtu mpaka uji uchemke. Basi. Ziwa lilipofunguliwa nikaendelea hivyo hivyo, siku za boti na siku za mbalamwezi.

Wewe una ndoo mbili. Ukitua ya kwanza, kunywa maji. Ukitua ya pili, kaa nje na mtoto wako hiyo robo saa ya mwalimu. Usiweke saa, weka ndoo. Na hiyo simu ilale jikoni; saa ya mezani sokoni haikushindi bei. Mtu aliyekukasirisha kwenye simu atakusubiri, hana pa kwenda. Kuhusu chai, mwanangu muuguzi, nimekusikia na nitajaribu, ila sikuahidi.

Mstaafu wa Reli (Tabora)

Naongezea machache kutoka Tabora, ambako jua linawatangulia ninyi wa Kigoma kwa dakika 12 au 13 tu, kwa hiyo giza la asubuhi nalijua. Nilifanya kazi relini kwa zamu kwa miaka mingi. Leo nalala mchana, kesho usiku, keshokutwa sijui. Mwili ambao kila juma unabadilishiwa saa haujui asubuhi ni lini, nami nilikuwa mkali nyumbani kwa sababu ambazo wakati ule nilidhani ni za watoto.

Nilipostaafu, kilichonitengeneza ni kuamka wakati uleule kila siku, Jumapili ikiwemo. Vijana wanapenda kulipa deni la usingizi siku ya Jumapili kwa kulala hadi saa 4, kisha usiku wake usingizi hauji, na Jumatatu wanaingia kazini kama waliotoka safarini. Asubuhi natembea chini ya miembe ya mtaani kwetu dakika ishirini kwenda na ishirini kurudi, kwa mwendo wa mtu anayewahi lakini hajachelewa. Mwezi wa sita na wa saba hapa baridi inauma, navaa sweta na kwenda. Kwa siku tano hiyo ni zaidi ya dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linataka mtu azipate kwa wiki, na sijawahi kukimbia hata hatua moja.

Sukari niliacha, natumia asali yetu ya Tabora, vijiko viwili vilivyojaa, hivyo sina wasiwasi.

Muuguzi wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Matembezi nakupongeza kwa moyo wote. Asali ni tamu na ni fahari ya Tabora, lakini mwilini ni sukari, na katika hesabu ya vijiko inaingia kama sukari nyingine. Tafadhali punguza kijiko kimoja.

Mstaafu wa Reli (Tabora)

Marahaba binti yangu. Nitapunguza nusu kijiko, tuanzie hapo.

Mgeni wa Mwanga (Kigoma)

Nimerudi baada ya siku 21, maana nilijua mtaniuliza. Nilichagua mambo matatu tu: kulala saa 4 na nusu, simu kulala jikoni kwenye kabati la vyombo, na robo saa ya nje baada ya ndoo ya pili. Chai niliihamishia ofisini saa 4, kijiko kimoja na nusu, na asubuhi nakula mihogo na maharage ambayo mke wangu anasema alikuwa akinipa tangu zamani nikiyakataa kwa haraka zangu. Nimenunua saa ya mezani. Juma la kwanza mtoto alitoa betri yake akaiweka kwenye gari lake la kuchezea, siku hiyo nikachelewa kazini, na siikumbuki kwa hasira.

Katika siku 21 nimeshika 15. Kituo cha afya walinipima, malaria na sukari hakuna, ila damu imepungua kidogo. Nimepewa dawa na tarehe ya kurudi. Dada muuguzi, nilimuuliza mke wangu kuhusu kukoroma. Amecheka kwanza, kisha akasema nakoroma ila pumzi haikati. Kichwa kizito kimesogea kutoka saa 4 hadi kiasi cha saa 2 na nusu, na naenda kazini kwa miguu, dakika ishirini na tano, jua likiwa linachomoza nyuma ya michikichi. Ule mtaro nimeupita mchana nikaona kilichobaki ni kifuniko kimoja; nimemweleza mjumbe wa mtaa.

Siku sita zilizonishinda, tatu ni za Jumapili. Mzee wa Tabora alisema kweli: Jumapili sina ndoo ya haraka wala ofisi, nalala hadi saa 3, na Jumatatu naumia. Hapo bado sijapata pa kuitundika.

Mama Vichanja (Kibirizi)

Jumapili hii mbalamwezi itakuwa imeshaondoka na boti zitafika na mzigo. Mlete mkeo na mtoto hapa Kibirizi mara tu pakianza kupambazuka, mje na ndoo ndogo yenye kifuniko. Nitawauzia dagaa wabichi kwa bei ya ufukweni, na huyo mchoraji wa ng'ombe atanisaidia kuwatawanya wengine kwenye kichanja.